Jirani Yangu Anauza Uraka: Niitikie Salamu Yake?

SWALI: Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Shehe. Mimi ni mkulima wa korosho, naishi Masasi. Jirani yangu ni mama mjane, Muislamu kwa jina tu. Kila msimu wa mabibo, yale matunda ya mkorosho, anakamua uraka (pombe ya mabibo) na kupika nipa (pombe kali ya kukenekwa), na wateja hawaishi uani kwake. Tangu mwaka juzi siitikii salamu yake, na watoto nimewakataza kula kwake, kwa sababu nimesoma kwamba Mtume (s.a.w.) amemlaani anayetengeneza ulevi. Upande wa pili wa nyumba wapo Wakristo. Walipofiwa mwezi uliopita sikwenda, na mke wangu nikamzuia. Sasa ananiita hakimu wa mtaa. Anasema sisi watu wa swala tumejitenga na wenzetu mpaka hatuwaoni tena. Mimi nachelea kwamba nikilegea kwa watu, dini yangu nayo italegea. Nani kati yetu ana haki?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, ndugu yangu.

Hadithi uliyoisoma ipo. Ameipokea at-Tirmidhi, mkusanyaji wa hadithi, kutoka kwa sahaba Anas, na ndani yake wametajwa watu kumi: mwenye kukamua, mwenye kukamuliwa, mnywaji, mbebaji, muuzaji, mpaka anayekula thamani yake. Uraka unaolevya ni ulevi, na nipa ndiyo usiseme. Kwa hilo huna wa kubishana naye, hata mkeo sidhani kama anabisha.

Lakini soma na hii nyingine, iliyo katika Sahihi ya Bukhari, kutoka kwa Umar. Zama za Mtume (s.a.w.) palikuwa na mtu akiitwa Abdullah, mcheshi, aliyezoea kumchekesha Mtume. Mtu huyo alikuwa mnywaji, na alishachapwa kwa kosa hilo. Siku moja akaletwa tena, akachapwa tena. Mmoja wa waliokuwepo akasema: Ewe Mola, mlaani huyu, analetwa mara ngapi! Mtume akamwambia: "Msimlaani. Wallahi, ninavyojua mimi, anampenda Allah na Mtume wake."

Ulimi uliowalaani wale kumi ndio huu uliokataza kumlaani huyu mmoja. Wanazuoni wakaelewa hapo kwamba laana ya jumla inakwenda kwa kitendo na kwa wanaokitenda kwa ujumla wao. Mtu maalumu unayemjua kwa jina na sura halaaniwi na wewe, kwa kuwa hujui amebakiwa na nini moyoni, wala hujui mwisho wake utakuwaje. Na tazama kwamba adhabu haikupunguzwa. Fimbo alizipata zote. Hofu yako ya dini kulegea ingekuwa na mahali kama Mtume angesema "mwacheni, ni mtu wetu". Hakusema hivyo. Alimhukumia kosa lake, kisha akawazuia watu wasimtoe kwenye jamaa yao.

Umesema mama huyu ni Muislamu kwa jina tu. Umejuaje? Usama bin Zayd (r.a.) alimuua mtu vitani baada ya mtu yule kutamka shahada, akajitetea kwamba alitamka kwa kuogopa silaha. Mtume akamuuliza kama aliupasua moyo wake akaona. Usama alikuwa kipenzi cha Mtume, na bado aliulizwa swali hilo mara kwa mara mpaka akatamani angekuwa amesilimu siku ile tu.

Sasa salamu. Kumhama mtu, yaani kumsusa, kwa ajili ya maasi kuna asili katika dini yetu, sikukatalii. Kaab bin Malik (r.a.) alipobaki Madina bila udhuru wakati wa vita vya Tabuk, Waislamu waliamriwa wasiseme naye, ikafika siku hamsini. Hata Abu Qatada, binamu yake na kipenzi chake, hakumwitikia salamu. Watu wengi wanaonunia majirani huishia hapo katika kisa. Mimi nakuomba usiishie hapo, maana Kaab mwenyewe anaendelea kusimulia: alikuwa akiswali karibu na Mtume na kumwibia jicho, akielekea kwenye swala yake Mtume humtazama, akimgeukia Mtume huyageuza macho. Siku zote hizo alikuwa akitazamwa! Amehamwa kwa amri ya Allah, huku macho ya Mtume yanamfuata kuona anaendeleaje, na toba yake ilipoteremka uso wa Mtume ulimeremeta kwa furaha. Kuhama kwa namna hiyo ni dawa, ina kipimo na ina siku ya kuacha, na anayeitoa anamtakia mgonjwa apone. Wewe umemhama jirani yako tangu mwaka juzi. Je, ameacha uraka? Umemwombea dua hata mara moja? Unajua anawalisha wangapi kwa pesa ile? Sitafuti kumhalalishia, haramu haigeuki halali kwa sababu ya ujane. Nauliza kama umemtazama. Kama dawa haijaleta nafuu kwa muda wote huo, kilichobaki ni nafsi kustarehe.

Kuna hadithi katika Abu Daud ninayoiogopa mimi kabla yako. Walikuwepo watu wawili katika Bani Israil waliofungamana udugu, mmoja mwenye kukosa, mwingine mwenye kujitahidi katika ibada. Yule wa ibada kila akimkuta mwenzake kwenye dhambi humwambia: acha. Mpaka hapo yuko sawa, anakataza mabaya. Siku moja akamkuta tena, akamwambia acha, mwenzake akajibu: "Niache na Mola wangu, je, umetumwa uwe mlinzi juu yangu?" Ndipo akaapa: Wallahi, Allah hatakusamehe. Roho zao zikachukuliwa, wakakutana mbele ya Mola. Mkosaji akaambiwa aingie peponi kwa rehema, na yule wa ibada akaulizwa kama alikuwa na uwezo juu ya yaliyo mkononi mwa Mola wake. Akaamriwa apelekwe motoni. Ibada yake yote iliharibiwa na kiapo kimoja.

Nami nitasema jambo ambalo baadhi ya wasomaji wa huku kwetu hawatalipenda. Msimu wa korosho ukikaribia, wapo watu wa safu ya mbele msikitini wanaonunua korosho kwa kangomba, yaani kwa mlango wa nyuma, kutoka kwa mama mwenye njaa, wanampa bei ya kutupa kabla mzigo haujafika ghalani, na hakuna anayekataa salamu zao. Wengine tunawaita Haji. Dhambi ya uraka inanuka hadi barabarani, ile nyingine imevaa kanzu. Ukiwa hakimu wa mtaa, mahakama yako itawashika wale tu wanaoonekana, tena wengi wao maskini. Katika Suratul Hujurat, aya ya 11, Allah amekataza watu kuwadharau wenzao kwa kuwa huenda wanaodharauliwa ni bora. Sisi watu wa kusini tulipaswa kuielewa aya hiyo upesi kuliko wengine: nani kati yetu hajachekwa lafudhi yake alipofika Dar?

Kwa hiyo mwitikie. Akikusalimu, mwitikie kwa ukamilifu, na ukipata nafasi mwambie waziwazi kwa adabu, wewe au mkeo, kwamba biashara ile ni haramu. Ikiwa una uwezo, mtafutie njia nyingine. Mabibo yanakaushwa na kuliwa, yanatengenezwa juisi. Wateja wake nao, usiwasahau, maana bila wao asingekamua.

Chakula chake: katika madhehebu yetu ya Shafi, kula kwa mtu ambaye mali yake imechanganyika ni makruhu (jambo lisilopendeza), si haramu, maadamu hujui kwamba kitu chenyewe ulichopewa ni cha haramu. Ukijiepusha kwa uchamungu hakuna ubaya, ila usiwafundishe watoto kwamba mama yule ni najisi.

Kuhusu majirani Wakristo, mkeo ana haki bila mjadala. Mtume alisimama jeneza la Myahudi lilipopita, alipoambiwa ni Myahudi akajibu: "Je, si nafsi?" Aya ya 8 ya Suratul Mumtahina haikatazi kuwatendea wema wasiotupiga vita. Wamisionari wa Kianglikana walifika Masasi mwaka 1876, watawa Wakatoliki wa Kibenediktini wakafika Ndanda mwaka 1906, na leo ukoo mmoja una akina Juma na akina Joseph. Utajitenga nao uhamie wapi? Ibada yao usishiriki. Pole, maji na kukaa nao ni haki ya ujirani. Wanazuoni wamependelea taazia, yaani kuwapa pole wafiwa, iwe ndani ya siku tatu ili huzuni isiamshwe upya, lakini jirani wa ukuta mmoja aliyekosekana makusudi hasubiri hesabu hiyo. Nenda na mkeo wiki hii, na usipeleke visingizio vya safari.

Wallahu a'lam.