Msaada wa kutengeneza nyumba hupimwa baada ya masika

Taarifa nyingi za msaada wa serikali kwa nyumba za kaya zenye kipato kidogo Zanzibar huishia kwenye mgao: mabati mangapi, mifuko mingapi ya saruji, kaya ngapi zimetia saini mbele ya sheha, kiongozi wa shehia. Hiyo ni hesabu ya ghala. Kinachotakiwa kujulikana ni kama wenye nyumba wanalala pakavu mvua za Aprili zikishika, na hilo halijulikani Januari. Anayetathmini aende mara mbili: kabla vifaa havijateremshwa, na mwishoni mwa Mei.

Safari ya kwanza ni ya futi kamba. Kugawa sawa kwa sawa ndiko kunakoharibu kazi mapema kuliko kitu chochote. Chukua nyumba ya mita 7 kwa 9 yenye paa la pande mbili. Ukiacha nusu mita ya ziada kila mwisho, urefu wa paa ni mita 10. Bati likishapandiana na mwenzake hufunika kama sentimita 70 za upana, kwa hivyo kila safu inahitaji mabati 15. Kwa bati za futi 8, kila upande una safu mbili. Jumla mabati 60, kofia za kufunika kilele cha paa saba hivi, na misumari kama 700. Kaya iliyopewa mabati 30 kwa sababu ndilo fungu la kila mtu itaezeka upande mmoja au itayauza. Anayeyauza asihukumiwe haraka, kwani mara nyingi hana mbao, hana misumari wala ujira wa fundi. Bajeti ambayo haikuvihesabu hivyo ndiyo yenye kasoro. Tena bei za Mjini Unguja zisitumike kukadiria Micheweni, Pemba, maana vifaa huvuka kwa meli, kisha vikapanda gari.

Kwenye paa, anza na geji, yaani namba ya unene wa bati. Namba ikipanda, bati huwa jembamba: 32 ni jembamba kuliko 28. Karibu na bahari, hewa ya chumvi humaliza bati jembamba upesi, na kwa maoni yetu ni afadhali kutoa geji 28 hata idadi ya kaya ikipungua. Kabla ya kuezeka, chokoa makombamoyo ya zamani, yaani miti ya mteremko inayobeba paa, kwa kisu. Kisu kikizama, mchwa wameshakula na mti ubadilishwe. Pao, yaani miti ya kulala inayopigiliwa bati, zisiachane zaidi ya sentimita 90, vinginevyo bati hubonyea fundi anapolikanyaga na matundu ya misumari hupanuka. Msumari upigwe kwenye mgongo wa bati, si bondeni maji yanakopita, na uwe na mpira wake. Kingo za paa ziongezewe misumari kwa sababu upepo huanza kunyanyua huko. Maungio ya bati yaupe mgongo upepo wa kusi. Na makombamoyo yafungwe kwa waya kwenye boriti ya ukutani: bati lililoshikwa vizuri juu ya makombamoyo yasiyofungwa huondoka na paa zima.

Ukuta wa miti na udongo usipakwe saruji. Saruji haishikani na udongo. Hupasuka, maji yakaingia nyuma yake yakakosa pa kutokea, na fito zikaoza ndani huku nje panang'aa. Kandika upya kwa udongo, paka chokaa, na saruji iende kwenye ukingo wa mawe chini ya ukuta, wa sentimita 30 hadi 45 kutoka ardhini, ili kuzuia maji yanayoruka kutoka kwenye matone ya paa. Mchanga wa pwani ukataliwe. Chumvi yake huvuta unyevu na kula nondo.

Kuhusu walengwa, orodha ya TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii Tanzania, inafaa kuanzia, lakini hupima umaskini wa kaya, haipimi ubovu wa nyumba. Shehia ipite nyumba kwa nyumba. Ulizeni pia nyumba ni ya nani. Nyumba ya mirathi isiyogawanywa ikishatengenezwa inaweza kuuzwa na warithi wengine, na bibi aliyekusudiwa akatolewa. Maandishi ya warithi kukubali aendelee kukaa yapatikane kabla bati la kwanza halijashuka. Kwa nyumba ya wakfu, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ishirikishwe. Na ikiwa ndani ya Mji Mkongwe, kibali cha mamlaka ya uhifadhi kitangulie.

Safari ya Mei ifanywe asubuhi baada ya usiku wa mvua. Tazama alama za maji chini ya kofia na kwenye maungio, gusa ukuta usawa wa goti, kisha uliza kitanda kimehamishwa mara ngapi. Asilimia 10 ya ujira wa fundi izuiwe mpaka ukaguzi huu, naye aambiwe hivyo tangu siku ya makubaliano, ili panapovuja arudi mwenyewe kuziba.