Maple Leaf Rag: anza na mkono wa kushoto, tena polepole

Wanafunzi wangu wa piano wakishaanza kujiamini, wengi huniomba niwafundishe Maple Leaf Rag, kipande maarufu cha piano. Wameisikia mtandaoni ikipigwa kwa kasi ya ajabu, nao wanataka kuanzia hapo hapo. Jibu langu ni lile lile: punguza mwendo, na mkono wa kulia uupumzishe kwanza.

Mtunzi mwenyewe, Scott Joplin, alilisisitiza hilo. Nakala kadhaa za kazi zake zilichapishwa na onyo kwamba kupiga ragtaimu, muziki wa aina hii wenye mdundo wa kukwepa-kwepa, haraka si sahihi hata siku moja. Maple Leaf Rag ilitolewa mwaka 1899 na mchapishaji John Stark mjini Sedalia, Missouri, ikiwa na maelekezo ya kupigwa kwa mwendo wa gwaride. Gwaride halikimbizwi.

Na gwaride lenyewe limo mkono wa kushoto: besi (noti nzito ya chini), kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja), besi, kodi, bila kuyumba. Wa kulia ndio unaocheza nalo, mara unaliwahi pigo, mara unalichelewa, na utamu wote unatoka hapo. Kushoto kukiyumba, kulia hakuna cha kukwepa tena. Kinachobaki ni kelele. Kwa hiyo, kati ya sehemu zake nne, huwa naanza na ya pili, si ya kwanza. Ya pili kushoto kwake kumenyooka, lakini ya kwanza ina mahali ambapo mikono inapanda kutoka chini hadi juu ya kibodi, na nimeona wengi wakikata tamaa pale. Chukua vipimo vinne tu, yaani vile vyumba vinavyotenganishwa kwa mistari ya wima kwenye noti. Piga besi kwa kidole cha mwisho na gumba, kisha rukia kodi bila kuutazama mkono. Siku utakayoweza kuongea na mtu huku kushoto kunaendelea, mlete wa kulia.

Flati nne, zile alama mwanzoni mwa mstari zinazoshusha noti nusu hatua, zisikutishe. Vidole vikizoea, vinatulia vizuri kabisa juu ya vibonyezo vyeusi. Sehemu ya tatu inaongeza flati moja. Hiyo mimi huipiga laini, ili ya nne ipate nguvu.

Joplin, Mmarekani mweusi, alipata mkataba wa senti moja kwa kila nakala iliyouzwa, enzi ambazo watunzi wengi walilipwa mara moja tu na kuondoka. Alifariki mwaka 1917, ragtaimu ikafunikwa na jazi. Hata hivyo wanajazi hawakuiacha Maple Leaf Rag: Sidney Bechet aliirekodi mwaka 1932, na Jelly Roll Morton mwaka 1938 aliipiga kwa mtindo wa Missouri, halafu kwa mtindo wa New Orleans. Imedumu kwa sababu mifupa yake ni imara; kila kizazi kinaivisha nguo zake nayo inabaki ile ile. Mwaka 1970 mpiga piano Joshua Rifkin alitoa santuri ya kazi za Joplin akizipiga kwa utulivu na heshima, na mwaka 1976 Joplin akapewa tuzo maalumu ya Pulitzer, tuzo kubwa ya Marekani, karibu miaka sitini baada ya kifo chake. Msikilize Rifkin kwanza, Morton baadaye.

Noti zake hazina tena hakimiliki, unazipata bure mtandaoni. Tafuta chapa ya zamani ya Stark. Zile zilizorahisishwa mara nyingi zimeupunguza mkono wa kushoto, na huo ndio unaouhitaji.