Baada ya Kiharusi, Je, Kuchua Kunatosha?

SWALI: Mama yetu alipata kiharusi miezi minne iliyopita, akapooza upande wa kulia. Siku ya kwanza wodini, mtaalamu wa fiziotherapia alimketisha kitandani dakika chache tu, nasi tukaona anazembea. Sasa yuko nyumbani na kila jioni tunamchua kwa mafuta ya moto. Vidole vimeanza kufunguka, lakini kila kitu anakishika kwa mkono wa kushoto. Tufanye nini zaidi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, poleni kwa kuuguza. Mtaalamu yule hakuzembea. Utafiti uitwao AVERT, uliohusisha wagonjwa 2,104 katika nchi 5 na kuchapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba walioanza kuinuliwa mara nyingi na kwa muda mrefu ndani ya saa 24 za mwanzo hawakupata nafuu nzuri kuliko waliopewa huduma ya kawaida, bali matokeo yao baada ya miezi mitatu yalikuwa mabaya kidogo.

Kuchua hakukatazwi, ila mafuta yawe vuguvugu, kwa kuwa upande uliopooza unaweza kuungua bila mama kuhisi. Hata hivyo, mnapomchua, wanaofanya kazi ni ninyi. Ubongo hujifunza upya pale mgonjwa mwenyewe anapojaribu kitendo, akakikosea, akakirudia. Katika utafiti wa EXCITE, uliochapishwa Marekani mwaka 2006, washiriki walikuwa 222, waliopatwa na kiharusi miezi 3 hadi 9 kabla; kundi moja lilivishwa glavu nene kwenye mkono wenye nguvu kwa wiki mbili, huku mkono dhaifu ukifanyishwa kazi kwa saa nyingi kila siku, na nafuu yao ilionekana hata mwaka mmoja baadaye. Wote walikuwa na uwezo wa kuinua kifundo cha mkono na vidole japo kidogo, ndiyo maana habari ya vidole vya mama imenifurahisha sana.

Msimfunge mkono wa kushoto, ule wenye nguvu, bila kusimamiwa na mtaalamu, maana akipepesuka hatakuwa na pa kujishikia. Anzeni hivi: aketi mezani, mbele yake bakuli la maharage, ahamishe punje moja moja kwa mkono wa kulia, asisaidiwe haraka. Na mnapomwinua, msimvute mkono huo wala kumnyanyua kwa makwapa. Misuli ya bega imelegea, na bega likishauma atakataa kuutumia. Mshikeni kiunoni.