Tope linanuka lakini minyoo wamejaa

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa biolojia. Tumefundishwa kuwa minyoo wadogo wanaoishi kwenye tope la chini ya bahari hutumika kupima uchafuzi. Tulichota tope karibu na mdomo wa bomba la maji taka, jeusi na linanuka vibaya, lakini kwenye hadubini tukakuta minyoo tele. Wenzangu wanasema basi uchafu hauwadhuru. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri kuangalia kwanza ndipo ukauliza. Wenzako wameona sawasawa, ila wamekimbilia jibu. Kwa minyoo hawa, wingi peke yake hausemi mengi. Ulizeni kwanza ni akina nani waliobaki, na akina nani hawaonekani tena.

Mlichokiona bila shaka ni nematodi. Wengi wao wana urefu wa milimita 1 hadi 3, wembamba kuliko uzi, na mita moja ya mraba ya tope inaweza kubeba mamilioni yao. Hutaga mayai mlemle topeni, na watoto wao hawana hatua ya kuogelea wakachukuliwa na maji kama watoto wa kaa au chaza. Sumu ikishuka pale, inawakuta nyumbani. Tena wengi hukua na kuzaa ndani ya wiki au miezi michache, kwa hiyo mabadiliko hujitokeza mapema. Ndiyo maana mimi huwaamini kuliko wanyama wakubwa wanaoweza kuhama.

Sasa tuje kwenye tope lenu. Maji taka ni chakula cha bakteria. Bakteria wakiongezeka, humaliza oksijeni iliyomo kwenye tope. Hapo hushika kazi bakteria wengine wasiohitaji oksijeni, ambao hutoa gesi ya salfidi ya hidrojeni: ndiyo hiyo harufu ya mayai viza. Gesi hiyo ikikutana na chuma kilichomo topeni, tope hugeuka jeusi. Kwa nematodi walio wengi, hapo hapakaliki. Lakini wapo wachache wanaostahimili, na kwa kuwa bakteria ndio chakula chao na washindani wameondoka, huzaana kupita kiasi.

Rudini kwenye hadubini mkawatazame mmoja mmoja. Nadhani mtamwona Terschellingia: mdomo mdogo mno, karibu haupo, hana jino hata moja, na ubavuni mwa kichwa ana kiduara kimoja safi, ambacho ni kiungo cha kunusia. Mkia wake mara nyingi ni mrefu mwembamba. Mwingine ni Sabatieria, ambaye kiungo hicho kwake kimejizungusha kama konokono na ngozi yake imejaa vitone vidogo. Kama karibu kila mnyoo mnayemgeuza ni mmoja wa hao wawili, jibu mmeshalipata. Tope lenye afya huwa na midomo ya kila namna. Tangu 1953 mwanasayansi Wieser aliwagawa nematodi wa baharini katika makundi manne kwa kuangalia mdomo tu: wanaofyonza vijichembe laini, wanaomeza vikubwa zaidi, wanaokwangua mwani kwa vijino, na wawindaji. Makundi yakipungua, kazi nazo zimepungua, hata kama minyoo wamejaa.

Metali hufanya vingine. Huko Restronguet Creek, Cornwall, Uingereza, migodi ilimwaga shaba na zinki kwa vizazi vingi. Nematodi bado wapo, na walipopimwa walionekana kuvumilia shaba kuliko wenzao wa sehemu safi zaidi. Mimi huliona jambo hilo kwa huzuni: uvumilivu huo umepatikana kwa sababu wasioweza waliondolewa.

Kuna njia ya mkato ambayo huenda mtashawishika kuitumia. Mwaka 1981 Raffaelli na Mason walipendekeza kugawanya idadi ya nematodi kwa idadi ya kopepodi, vijidudu jamaa wa kamba ambao hukosa raha mapema oksijeni ikipungua. Uwiano mkubwa, basi pachafu. Wataalamu wenzao wakapinga upesi, na kwa haki: uwiano huo hubadilika hata kwenye fukwe safi, kwa sababu ya ukubwa wa chembe za mchanga tu.

Kwa hiyo chukueni sampuli nyingine mbali na bomba, tope la ulaini uleule na kina kilekile cha maji. Zihifadhini zote kwenye formalini ya asilimia 4, chujeni kwa chekeche la milimita 0.063, kisha mtambue jenasi (kundi la spishi za karibu, kama Terschellingia), msiishie kuhesabu vichwa. Vaeni glavu, maana hayo ni maji taka, na formalini nayo haichezewi. Mkipata orodha za pande zote mbili, niandikie tena.