Ukungu wa mwendo: anza na gurudumu la boda

Ndugu mnaoanza kazi ya picha za 3D hapa Kampala, kabla ya kuwasha ukungu wa mwendo, yaani mchirizi ambao kitu kinachosogea huacha kwenye picha, jueni unakotoka. Shata ya kamera, yaani kilango kinachoruhusu mwanga kuingia, hukaa wazi kwa muda, na mwanga wote unaoingia hujumlishwa. Filamu ya fremu 24 kwa sekunde huiacha wazi, kwa kawaida, nusu ya muda wa fremu: sekunde 1/48. Boda inayokwenda kilomita 40 kwa saa husogea karibu sentimita 23 katika muda huo.

Nilipopewa tangazo la boda ikipita Jinja Road usiku, nilitaka kuokoa muda. Nilirenda (niliiachia kompyuta ikokotoe) picha kali isiyo na ukungu, kisha nikaipaka ukungu kwa kufuata vekta za mwendo, yaani mishale inayoonyesha kila pikseli inasogea wapi na kiasi gani. Njia hiyo ni ya haraka na mara nyingi inatosha. Safari hii kivuli kwenye lami kilibaki kikali, na pale dereva alipokuwa ameficha ukuta, programu ilikosa cha kujazia ikaburuza rangi za jirani.

Gurudumu ndilo lililonisumbua zaidi. Tairi lisipoteleza, sehemu inayogusa lami huwa imetulia kwa papo ile, na ya juu kabisa hukimbia mara mbili ya kasi ya pikipiki. Kwa hiyo kamera ikiwa imesimama, spoki za chini huonekana ilhali za juu zinayeyuka. Ukipaka ukungu sawasawa mduara mzima, boda itaonekana kama inaelea. (Kamera ikiifuata boda, hesabu hubadilika.) Tena gurudumu huzunguka digrii 40 hivi shata ikiwa wazi, basi ongeza hatua za mwendo, yaani mikao ya gurudumu ambayo programu hukokotoa katika muda huo, la sivyo tairi litakata kona badala ya kufuata duara.

Nilirudi kwenye njia ambayo Robert Cook, Thomas Porter na Loren Carpenter waliieleza mwaka 1984: kila mwale wa mwanga ambao programu huufuatilia hupewa wakati wake wa nasibu ndani ya muda wa shata. Chenga (vidoa vya nasibu kwenye picha) huongezeka, nawe utaongeza sampuli, yaani idadi ya miale kwa kila pikseli. Vivuli na viakisi hujipanga vyenyewe.

Kuhusu taa, fanyeni wastani kwenye thamani halisi za mwanga, kabla ya kuzikata zisizidi 1, yaani nyeupe ya skrini. Taa yenye thamani 1 ikipita kwenye pikseli kwa sehemu moja ya kumi ya muda huacha 0.1, kijivu hafifu. Yenye 50 huacha 5, na mstari wake hubaki mweupe.