Maswali ya Wasomaji: Kukusanya Machapisho ya Mastodon kwa Python

Swali: Tasnifu yangu inahusu Kiswahili cha mitandaoni. Natumia maktaba ya Mastodon.py kuvuta machapisho ya Mastodon, mtandao wa kijamii unaoendeshwa kwenye seva nyingi, lakini kila nikivuta hashtagi napata machapisho 40 tu, na nikifungua faili kwenye Excel nambari za machapisho zote zinaishia na sifuri. Naomba msaada. *Msomaji, Dodoma*

Jibu: Hayo 40 ni kikomo cha seva kwa ombi moja, usipotaja idadi unapewa 20. Yaliyobaki yapo, ila huombwa ukurasa baada ya ukurasa:

```
from mastodon import Mastodon
m = Mastodon(access_token=tokeni,
             api_base_url="https://mastodon.social")
yote = []
uk = m.timeline_hashtag("kiswahili", limit=40)
while uk:
    yote.extend(uk)
    uk = m.fetch_next(uk)
```

Hashtagi iandikwe bila alama ya #, la sivyo maktaba inaikataa. Tokeni (msimbo unaoipa programu ruhusa ya kuingia) unaipata kwenye mipangilio ya akaunti yako, sehemu ya wasanidi programu. Ipe ruhusa ya kusoma tu. Kwa kawaida seva hukubali maombi 300 kwa dakika 5. Ukifika hapo maktaba hungoja yenyewe, kwa hiyo programu ikitulia usiikatize. Na faili lako usiliite mastodon.py: Python italisoma hilo badala ya maktaba, nawe utapata kosa la kuingiza moduli.

Sifuri zinatoka Excel. Nambari hizo huwa na tarakimu 18 hivi, nayo hutunza 15 tu. Hatari yake ni kubwa: machapisho mawili tofauti yanaweza kupata nambari moja, ukafuta mojawapo ukidhani limejirudia. Usilifungue faili la CSV kwa kulibofya. Liingize kupitia menyu ya data, na safu ya nambari uitaje kuwa maandishi.

Swali: Mwenzangu ana akaunti kwenye seva nyingine. Tumevuta hashtagi moja siku moja, tumepata idadi tofauti. Nani yuko sahihi? *Msomaji, Eldoret*

Jibu: Nyote wawili. Seva huonyesha yale tu yaliyoifikia: hasa ya wanachama wake, na ya watu wa seva nyingine ambao wanachama hao wanawafuata. Hakuna seva inayoona yote, kwa hiyo tasnifu isiyotaja seva na tarehe ya kuvuta haiwezi kuhakikiwa. Vuteni kwenye seva mbili tatu, kisha unganisheni kwa sehemu ya uri, yaani anwani ya pekee ya chapisho. Msitumie id, yaani nambari ya chapisho, maana kila seva hutoa yake kwa chapisho lilelile.

Msichuje kwa sehemu ya language pekee. Hiyo hutaja lugha ya chapisho lakini hutegemea mipangilio ya mwandishi, na anayeandika Kiswahili huku ameacha Kiingereza atawapotea. Saa nazo ni za UTC, saa tatu nyuma ya zetu: chapisho la saa saba usiku kwetu litasomeka saa 22:00 ya siku iliyotangulia.

Maandishi yenyewe huja na lebo za HTML, alama za kupanga kurasa za wavuti. Mkizifuta kavukavu, mwisho wa mstari mmoja hugandana na mwanzo wa unaofuata, na hesabu ya maneno inaharibika. Badilisheni kwanza `<br>` na `</p>` kuwa mstari mpya, ndipo mfute zilizobaki. Msiweke nafasi mahali pa kila lebo, kwani alama ya # itatengana na neno lake.

Majina ya akaunti yaondoeni kabla ya kumpa mtu mwingine faili. Sheria ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022 zinalinda taarifa binafsi, hata zilizoandikwa hadharani.