Wafaransa walioacha ARV na virusi visirudi: jibu kwa aliyeuliza kama naye anaweza kuacha

Ndugu, ulichosoma ni kweli. Mimi ninameza ARV, dawa za virusi vya UKIMWI, tangu enzi zile za kungoja CD4, yaani seli za kinga ya mwili, zishuke ndipo uanzishiwe, na habari hiyo niliifuatilia kwa hamu, kwa hiyo nivumilie.

Watu hao walikuwa 14. Utafiti wao, VISCONTI, ulichapishwa 2013 na Asier Sáez-Cirión wa Taasisi ya Pasteur na wenzake. Walianza dawa ndani ya wiki 10 hivi tangu waambukizwe, wakameza kama miaka 3, wakaacha, na miaka 7 hivi baadaye miili yao ilikuwa bado imevidhibiti virusi. Tangu waambukizwe, si tangu wapimwe! Wewe unasema ulianza siku ileile uliyopimwa. Ni vyema sana, lakini huenda virusi vilikuwa vimekaa mwilini miaka kadhaa. Tena hao hawakupona. Virusi vimelala ndani ya seli zao, na madaktari huwapima mara kwa mara.

Yupo pia mtoto wa Mississippi, Marekani, aliyeanzishiwa dawa saa 30 baada ya kuzaliwa. Alikaa bila dawa zaidi ya miaka 2, vipimo havioni kitu, kisha 2014 virusi vikarudi. Iliniuma sana.

Hapa Kayole, Nairobi, dada mmoja wa kikundi chetu aliacha pale karatasi ya maabara iliposema virusi havionekani. Kopo lilikaa nyuma ya pakiti za unga, limejaa, karatasi ya fedha haijatobolewa. Hakukohoa, hakukonda, sokoni alienda kama kawaida. Kipimo kilichofuata kikasoma makumi ya maelfu ya virusi kwa kila mililita ya damu. Havikuonekana kwa sababu dawa ilikuwa imevibana, basi. Kwa wengi wetu, ukiacha, vinarudi ndani ya wiki chache. Ameshaanza tena na vimeshuka, nashukuru Mungu.

Lakini nahisi kinachokusumbua ni kuchoka na vidonge, na hilo si dhambi. Mwambie waziwazi daktari wako wa CCC, kliniki unakochukulia dawa. Kuna sindano mbili, cabotegravir na rilpivirine, zinazodungwa kila baada ya miezi 2. Utafiti wa CARES ulizijaribu kwa watu wa Kenya, Uganda na Afrika Kusini ambao virusi vyao vilikuwa vimeshabanwa, zikafanya kazi sawa na vidonge. Uliza kama unaweza kuzipata, na hadi upate jibu, endelea kumeza.